Vioo Vitatu vya Rozela

Miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yalipojaa redio na wezi wa redio wakaongezeka kwa kasi ileile, mimi nilikuwa mwanafunzi wa fizikia mwenye vioo vitatu, kila kimoja ukubwa wa kiberiti. Nilivitengeneza Mikumi kwa shangazi. Nilivipaka oksidi ya titani, unga uleule unaofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe, ila huu chembe zake zilikuwa ndogo mno hata hadubini ya shule isingeziona. Nikavichoma juu ya jiko la mkaa, nikavilowesha kwenye maji mekundu ya maua ya rozela. Chembe zingeshika rangi, rangi ingeshika jua, na jua lingetoa umeme.

"Si ungeitia sukari ukanywa?" shangazi aliuliza.

Nilitaka kuvilinganisha na paneli halisi ya umeme wa jua. Ya karibu ilikuwa juu ya paa la zahanati ya kijiji cha Zombo. Mganga wa pale aliniruhusu niishushe kwa nusu saa, jua la saa sita, kisha akapanda pikipiki akaenda Kilosa. Hakumwambia mtu. Mimi pia sikumwambia mtu. Niliona wanakijiji hawataelewa sayansi. Na kwa kuwa naogopa ngazi, aliyepanda paa ni mtoto wa shangazi, fundi baiskeli, aliyenibeba kwenye baiskeli yake kutoka Mikumi.

Wiki iliyotangulia wezi walikuwa wamemkata mapanga mwenye duka la pale na kuondoka na betri zake. Hilo nililijua. Sikulihesabu kuwa fizikia.

"Mwizi! Mwizi wa paneli!" alipiga kelele mama mmoja mwenye ndoo.

Walikuja kutoka mashambani na majembe yao. Ndugu yangu alikuwa bado kwenye ngazi, paneli mgongoni.

"Shikamooni wazee. Nimetumwa."

"Marahaba," mzee mmoja akaitikia, maana salamu haikataliwi, kisha akampiga mpini wa jembe gotini. "Umetumwa na nani?"

"Kaka yangu, yuko nyuma hapo! Kaka! Njoo useme!"

Nilikuwa nyuma ya jengo, hatua kama ishirini, na nilisikia kila neno. Mganga hayupo, mtu pekee aliyeweza kumwokoa ni mimi. Nami nilianza kufungasha vioo. Cha kwanza nikakiviringisha pamba, nikakiweka kwenye kopo la biskuti. Cha pili vilevile. Nikasikia mlio mkavu, kama kuni inavunjwa gotini, na ndugu yangu akapiga yowe. Ulikuwa mkono wake. Cha tatu kilikataa kuingia. Nikakigeuza. Nikafunga kopo.

Nilipofika alikuwa chini, uso umejaa damu na vumbi, watu wakimpiga kwa zamu kama wanatwanga.

"Ndugu wananchi," nikasema, "huu ni utafiti wa kubadilisha nishati ya..."

Kofi likanikata sentensi na jino moja. "Na huyu msomi wao!"

Rungu likamshukia ndugu yangu jichoni. Nililiona likienda; nilikuwa bado natafuta neno fasaha. Kijana mmoja akaja akibingirisha tairi, mwingine na chupa ya mafuta ya taa. Tairi ndilo lililonifundisha Kiswahili.

"Nimemtuma mimi! Mganga anajua! Nipigeni mimi!"

Katika kauli hizo tatu waliikubali ya mwisho. Nilivunjwa mbavu mbili, na wakati wananipiga mimi hawakumpiga yeye. Hayo ndiyo mema yangu yote ya siku ile. Pikipiki ya mganga iliporudi ilitukuta hai, na neno lake likawasimamisha.

Hospitali ya Kilosa walimfunga mkono. Jicho la kushoto hawakuweza kulirudisha. Siku ya tatu nilikwenda kumwona na kopo langu chini ya kwapa, kwa sababu, naona haya kusema, nisingeliacha popote.

"Vimepona?" akauliza.

"Vimepona."

"Vyote vitatu?"

"Vyote."

"Basi nionyeshe."

Tukatoka uani, yeye akiegemea bega langu. Nikaviunganisha na mita, nikavilaza juani. Mshale ukatikisika, ukasogea upana wa ukucha, ukasimama. Mwezi mmoja kabla ningeruka kwa furaha.

Aliinama, akageuza uso ili jicho lililobaki liuone mshale vizuri.

"Kaka," akasema, "kidogo hivyo?"