Vitumbua Kumi na Viwili, Kinyumenyume

Nazira Mohamedali aliachana na mumewe Jumatano, tarehe 6 Machi 1985, mjini Toronto. Cheti cha talaka amekihifadhi kwenye faili la plastiki pamoja na kadi ya chanjo na maelekezo ya mashine ya kufulia, na hasiti kumwonyesha mgeni. Sababu ya kuachana, kama anavyoieleza mwenyewe, ni kwamba alichoka kuongea kwa niaba ya watu wawili.

Mtu wa pili alikuwa Haider Versi, ambaye wazee waliokulia Tanga bado humwita nyota wa filamu. Hawakosei. Kati ya mwaka 1967 na 1971 Haider alicheza filamu saba, zote za kuchekesha na zote bubu, zilizopigwa na rafiki yake Abdulsultan, aliyekuwa na studio ya picha. Kamera ya Abdulsultan haikuweza kunasa sauti. Haider naye ana kigugumizi tangu utotoni. Kamera na nyota wake walielewana vizuri sana.

"Alikuwa hodari, siwezi kusema uongo," anasema Nazira, ambaye ana miaka sabini na sita na anaishi ghorofa ya tisa huko Thornhill, kaskazini mwa Toronto. "Aliweza kuanguka ngazi nzima akafika chini kofia ingali kichwani. Nyusi zake zilikuwa na habari kuliko gazeti. Lakini huwezi kuolewa na nyusi."

Filamu zilionyeshwa huko Tanga Jumapili alasiri, kwenye ghala la nguo, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Pazia liligawa ghala katikati, wanaume kulia na wanawake kushoto, na shuka la kuonyeshea likaenea pande zote mbili. Siku ya filamu ya kwanza, Nazira, aliyekuwa na miaka kumi na minane, alikaa na shangazi yake ambaye macho yake yalikuwa na ukungu. Shangazi akauliza yule kijana anasema nini. Nazira, badala ya kueleza kwamba hakuna aliyesema chochote, akamtungia maneno. Akampa kijana sauti yake, na polisi na mbuzi kila mmoja ya kwake. Upande wa wanaume ukanyamaza kusikiliza, kisha ukaangua kicheko. Kuanzia filamu ya pili, maikrofoni ilipitishwa chini ya pazia mpaka mikononi mwake.

Matangazo yalitaja nyota, mpiga picha, na hata Rafiq fundi cherehani, aliyenyolewa masharubu ili acheze bibi harusi kwa sababu hakuna familia iliyokubali kutoa binti. Jina la Nazira halikuwamo. Baba yake hakutaka jina la mwanawe libandikwe ukutani karibu na tangazo la sabuni. Nusu ya watazamaji hawakujua sauti ni ya nani. Haider alijua, na mwaka 1969 akapeleka posa. Aliyekwenda kuzungumza ni Abdulsultan.

Katika miaka kumi na sita ya ndoa, Haider hakumwita mkewe kwa jina. Hilo si la ajabu kwa wanaume wa rika lake. Mwanzoni alimwita "Sikia", na baada ya binti yao Qurratulain kuzaliwa akamwita "Mama Qurra". Walipohamia Toronto mwaka 1975, Nazira alimsemea benki, kwa daktari, kwenye usaili wa kazi ambayo Haider aliipata, na kwa jirani aliyekuja kuazima koleo la theluji. Haider akimaliza silabi ya kwanza, Nazira alimaliza sentensi. Siku ya talaka aliapa mbele ya dada zake wawili kwamba hatasema tena neno hata moja kwa niaba ya Haider Versi. Haider akahamia Pickering, mashariki mwa Toronto, kwa mtoto wa kaka yake, na akafanya kazi ya kukata vioo vya miwani mpaka alipostaafu. Watu wa jumuiya yao huko Toronto wakajifungia hesabu yao wenyewe: mke aliongea mno mpaka mume akawa bubu.

Kiapo kilidumu miaka arobaini. Kilichokitikisa ni boksi la bati.

Mwezi Machi mwaka huu Haider alimkabidhi binti yake boksi hilo, na ndani yake filamu pekee iliyosalia, ya saba, iitwayo *Mkwe wa Kumi na Mbili*. Ni hadithi ya kijana anayempenda binti barabarani, anakimbiza kofia yake sokoni, anaangukia kapu la machungwa, anakula vitumbua kumi na viwili ili kumridhisha mama mkwe, kisha anaoa. Qurratulain, ambaye ni mfamasia Vaughan, aliipeleka kwenye duka moja la mjini ihamishiwe kwenye kompyuta, akakodi projekta na kuomba ukumbi wa jumuiya Barabara ya Bathurst kwa Jumamosi, tarehe 17 Mei. Kamati ya ukumbi iliuliza kama filamu ina muziki. Ikajibiwa kwamba haina hata sauti. Haijawahi kuidhinisha jambo haraka namna ile.

Qurratulain akamletea mama yake tangazo, na pamoja na tangazo, ombi la kusema maneno kama zamani. Tangazo lilikuwa na picha ya Haider na jina la Haider. Nazira alilisoma pande zote mbili, ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.

"Mama, wewe hukuonekana hata kwenye picha moja," alisema Qurratulain, kwa Kiingereza, kama anavyomjibu mama yake siku zote.

"Na yeye hakusikika hata neno moja," alijibu Nazira, kwa Kiswahili, kama kawaida yake. "Ngoma droo."

Masharti yake yalikuwa mafupi. Jina lake liandikwe, kwa herufi sawa na za Haider. Na kwa kuwa matangazo mia mbili yalikwisha kuchapwa, basi Haider mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba sauti ile ilikuwa ya nani. Bila hayo asingegusa maikrofoni. Qurratulain alipeleka ujumbe Pickering. Jibu la Haider lilifika kwenye simu likiwa na neno moja: "Sawa." Nazira alilirudisha. Kuandika ni kuandika, alisema. Yeye alitaka kusikia.

Jumamosi hiyo walikuja watu mia mbili na arobaini. Magari yalijaa mpaka kwenye majani. Sambusa ziliisha kabla ya salamu za ufunguzi. Haider, miaka themanini na mmoja, alikaa safu ya mbele upande wa wanaume, amevaa tai na kofia ileile ya kwenye filamu. Nazira alikaa safu ya mbele upande wa wanawake, mikono imetulia juu ya mkoba. Kati yao kulikuwa na njia ya kupita na kiti kitupu chenye maikrofoni juu yake. Qurratulain alimkaribisha baba yake aseme machache. Haider akasimama, akavua kofia, akafungua mdomo, akaufunga, akainama kwa heshima, akaketi. Watu walipiga makofi. Nazira hakupiga. Taa zikazimwa.

Hapa lazima ielezwe desturi ya Abdulsultan. Yeye hakuirudisha filamu kwenye gurudumu lake mara baada ya onyesho, kwa kuwa mashine ikiwa ya moto ilikwaruza utepe. Aliirudisha asubuhi ya onyesho linalofuata. Onyesho la mwisho lilikuwa Oktoba 1971, na linalofuata halikuwapo. Filamu ikakaa ndani ya bati miaka hamsini na mitatu, mwisho wake ukiwa nje na mwanzo wake ukiwa ndani. Haider alilijua hilo na, kama kawaida yake, hakumwambia mtu. Fundi wa duka aliona picha zimesimama kichwa chini, akazigeuza, akaridhika. Qurratulain alitazama sekunde kumi za kwanza nyumbani kwake: bwana harusi na bibi harusi wameketi, wametulia. Naye akaridhika.

Ukumbini sekunde ya kumi na moja ikafika. Maharusi waliinuka. Bwana harusi alimvua bibi harusi shada la maua na kumpa shahidi. Wageni waliingia mlangoni kwa migongo, wakaketi, wakaanza kutoa wali midomoni.

Mnong'ono ukapita ukumbini. Mtu alicheka vibaya. Qurratulain aliiendea kompyuta. Haider alitazama sakafu, na masikio yake, kwa ushahidi wa waliokaa nyuma yake, yalikuwa mekundu kama pilipili. Farhat, jirani wa Nazira tangu Tanga, alimwinamia, akimwita "bai", yaani bibi, kwa heshima ya Kihindi. "Nazira bai, miaka yote tunakuomba unyamaze, leo ndiyo siku uliyochagua?"

Nazira aliweka mkoba chini, akavuka, akaketi kwenye kile kiti. Anasisitiza kwamba hakuvunja kiapo: aliapa kutomsemea Haider, na yule wa kwenye shuka alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, na mkewe ni Rafiq.

"Bibi harusi," alisema kwa sauti nzito ya sheikh, "umekubali kuachwa na kijana huyu?" Kisha kwa sauti nyembamba ya Rafiq: "Nimekubali, sheikh. Tangu jana nimekubali. Mchukulie na maua yake."

Ukumbi uliangua kicheko. Qurratulain akaiacha kompyuta.

Kuanzia hapo hakuna aliyetaka filamu igeuzwe. Haider wa kwenye shuka aliketi mbele ya mama mkwe na kutoa kitumbua kizima mdomoni, akakiweka kwenye sahani kwa adabu kubwa. "Mama, samahani, hiki hakijaiva," alisema Nazira. Kikatoka cha pili. "Wala hiki." Kufikia cha tano ukumbi mzima ulikuwa unahesabu kwa sauti, wazee kwa Kiswahili na wajukuu wao kwa Kiingereza, wakikutana kwenye kila kitumbua. Cha kumi na mbili kilipotua, mama mkwe alibeba sahani akarudi nayo jikoni akionekana mwenye furaha. "Vyote vimerudi," alisema Nazira kwa niaba yake. "Mkwe mwema ni huyu." Machungwa yaliruka kutoka barabarani yakaingia kapuni yenyewe. Haider akachomoka kapuni miguu mbele, akakimbia sokoni kisogo kikitangulia, akikimbizwa na kofia yake mpaka ikampata na kumkalia kichwani. Mzee mmoja alitolewa nje apate hewa.

Zikabaki dakika mbili. Kijana na binti wakasimama barabarani wakitazamana, kama walivyotazamana mara ya kwanza. Nazira alishusha sauti.

"Dada, nadhani nimekufananisha."

"Hata mimi, kaka. Nenda salama."

"Nakwenda. Usihangaike kunisindikiza, njia naiona kwa kisogo."

Kijana akarudi nyuma hatua kwa hatua, akawa mdogo, akaingia nyumbani kwake na mlango ukajifunga. Shuka likawa jeupe.

Makofi yalipotulia, Haider alikuwa amesimama. Wengine walidhani amekasirika. Mke wa zamani amemwacha mara ya pili, safari hii mbele ya watu mia mbili na arobaini. Alivua kofia.

"Hi... hiyo sauti," alisema.

Akasimama hapo. Kwa miaka kumi na sita Nazira angekuwa amekwisha kumaliza sentensi hiyo na kuanza nyingine. Safari hii aliilaza maikrofoni mapajani na kuifunika kwa viganja vyote viwili.

"Hiyo sauti... ni ya... ni ya Na... Nazira. Fi... filamu zote saba."

Ilichukua karibu dakika nzima, na alifika mwisho bila kusaidiwa na mtu. Nazira aliinua maikrofoni.

"Kumbe jina langu unalijua," alisema.

Haider aliinua nyusi. Walioketi safu za mbele wanasema ilikuwa hotuba ndefu kuliko ile ya kwanza, na Nazira, aliyeielewa yote, alicheka mpaka Farhat akamletea maji.

Tangazo la onyesho la pili limekwisha bandikwa. Lina majina mawili, na Qurratulain amezipima herufi kwa rula mbele ya mama yake. Onyesho litakuwa Jumapili, tarehe 15 Juni 2025, saa nane mchana, Pickering. Haider atakwenda Thornhill kumchukua Nazira kwa gari. Filamu itaonyeshwa mara mbili: kwanza kinyumenyume, kisha sawasawa.