Dawa Niliyowaahidi Watu Wangu

Ofisa hakunitishia. Ningependa kusema alinitishia, maana udhuru huo nimeutafuta kwa zaidi ya miaka hamsini, lakini siku ile alinipa kiti, akanimiminia chai, akaniuliza kama ningekubali kwenda malishoni kuwaita watu wangu.

Tulikuwa Garissa, na vita vilikuwa vimefika mahali pabaya. Amri ilikuwa imetoka kwamba wafugaji wote wahamie katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ili mashifta, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, wasipate wa kuwalisha. Atakayebaki nje angehesabiwa adui, yeye na mifugo yake. Mimi nilikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda na mgawa dawa, kijana niliyetoka sekondari, mmoja wa wachache katika ukoo wetu walioweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa.

"Nikituma askari watatawanyika," ofisa alisema. "Wewe wakikuona watakaa wasikilize."

"Niwaambie nini?"

"Waambie kuna dawa. Ni uongo? Zahanati itakuwa ndani ya kijiji, na wewe ndiye utakayekaa nayo."

Haukuwa uongo, na ndiyo sababu nilikubali upesi. Nilijiona nimepewa njia ya kuwatendea watu wangu wema na kuiridhisha serikali kwa safari moja. Kama ningekataa, pengine angetumwa mwingine, na huyo mwingine wasingemwamini. Hilo sikulifikiria.

Nilitembea siku mbili upande wa Liboi hadi nikamkuta dada yangu. Ni mkubwa wangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa akikamua. Alikuwa na mabinti wawili, mmoja wa miaka minane hivi, na mwingine ndiyo kwanza ameanza kutembea. Watu walikusanyika mbele ya aqal yake, nyumba yetu ya mikeka na fito inayopakiwa juu ya ngamia, nami nikasema niliyotumwa kusema.

"Na ngamia nao watakula seng'enge?" shemeji yangu aliuliza, watu wakacheka.

"Watachungwa karibu, mchana."

"Karibu na nini, dresa? Mahali palipokaa watu wengi vile hata mwiba hauoti."

Nikawaeleza habari ya sanduku la dawa. Hilo nalo halikuwashawishi. Ndipo dada yangu akasema. Binti yake mkubwa alikuwa na kifua kibaya, na mwaka mmoja kabla nilimdunga sindano ya penisilini akapona.

"Aliyemponya mtoto wangu," alisema, "hataniita mahali pabaya."

Maneno hayo ndiyo yaliyowahamisha. Asubuhi walianza kukunja mikeka.

Nyikani, aqal moja hukaa mbali na nyingine kiasi cha mtu kupaza sauti ndipo asikike. Ndani ya seng'enge kamba za nyumba moja zilifungwa juu ya kamba za nyumba nyingine. Maji yalikuja kwa pipa. Ngamia walichungwa karibu kwa mwezi mmoja, wakamaliza kilichokuwepo, wakakonda. Wengine walichukuliwa na askari kwa sababu mwenyewe alichelewa kurudi kabla ya kuhesabiwa jioni. Maziwa yalipokwisha tuligawiwa posho, unga wa mahindi, na watoto ambao tangu kuzaliwa walikuwa wakinywa maziwa ya ngamia wakapewa uji mtupu. Matumbo yao yakajaa na miguu ikavimba. Sanduku langu lilikuwa na aspirini, marhamu ya macho, permanganeti ya kuoshea vidonda, na chupa kubwa ya dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Nilipaka. Njaa haipakwi dawa, nami niliijua kweli hiyo, lakini kila asubuhi nilifungua mlango na foleni ilikuwepo.

Kisha surua ikaingia.

Wazee wetu walijua la kufanya surua inapokuja. Boma lenye mgonjwa liliweka tawi la miiba katikati ya njia, na mpita njia akiliona aligeuka. Familia zenye watoto wazima, wasio na ugonjwa, zilipakia aqal zao, zikaenda mwendo wa nusu siku upande upepo unakotoka. Waliougua utotoni, ambao ugonjwa hauwarudii, walibaki na wagonjwa. Maziwa yaliletwa hadi kwenye tawi yakaachwa hapo, na mtu wa upande wa pili akayachukua baada ya aliyeyaleta kuondoka. Watoto walikufa hata hivyo, lakini si boma zima.

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa asihangaishwe kwa safari, abaki karibu na dawa. Ni kweli. Nilichofanya ni kuligeuza somo hilo likawa jingine: kwamba hata mzima asiondoke. Na tangu shuleni nilikuwa nimezoea kuyacheka matawi ya miiba, kama vijana wa shule tulivyocheka karibu kila kitu cha nyumbani.

Dada yangu alikuja mlangoni mwa zahanati na yule mdogo kiunoni.

"Walaal, ndugu yangu, huyu bado hana homa. Shangazi yetu aliugua zamani, atabaki na mkubwa aliyeshikwa. Mimi nipatie kibali nitoke na huyu. Kuna ngamia mmoja bado ana maziwa, yuko na mume wangu, aliyepewa kibali cha kuchunga mbali."

"Abaayo, dada yangu, dawa iko hapa. Huko nje ukipata shida utamwita nani?"

"Nitamwita Mungu, kama tulivyokuwa tukimwita kabla hujazaliwa." Akatabasamu kidogo. "Na yule ngamia."

"Watasema unapeleka chakula kwa mashifta."

"Chakula gani?" Akaninyooshea mkono wake mtupu, niuangalie. "Waambie waje wanipekue."

Hakuwa peke yake. Wazee walikuwa wamekwenda kwa ofisa kuomba jambo hilohilo, na alasiri ile ofisa akaniita.

"Wanataka familia zenye watoto wazima zitoke, zikae mbali. Wewe ndiye mtu wa dawa. Ni jambo la kitabibu, au ni mila tu?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, naye angeandika nitakalosema. Niliogopa kuonekana natetea watu wangu, na niliona haya kusimama mbele ya mtu aliyesoma nikizungumzia matawi ya miiba.

"Ni mila, bwana," nikasema.

Wiki hiyohiyo niliitwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa serikali, nje ya kijiji, kumtazama mtoto wa karani mmoja wa kutoka bara. Alikuwa na surua: vipele vilevile, macho mekundu yaleyale, kikohozi kilekile. Alilala peke yake katika chumba chenye dirisha. Kando yake palikuwa na kikombe cha maziwa ya mbuzi na yai la kuchemsha lililoumwa nusu. Mama yake, mwanamke mpole, aliniuliza ampe dawa gani.

"Endelea kumpa hayo," nikamwambia, nikionyesha kikombe.

Nilisikia kinywa changu kikisema hivyo. Sikuwa na dawa nyingine ya kumtajia, kwa sababu haikuwepo. Nilijua tangu mafunzoni kwamba surua haina dawa ila maziwa, chakula, nafasi na uangalizi, na vyote hivyo watu wangu walikuwa navyo kabla sijawaita. Mtoto wa karani alipona. Sikumchukia, na sitaki kusema jambo baya juu ya mama yake. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu, na kati ya kitanda chake na mikeka yetu palikuwa na mwendo usiozidi dakika kumi.

Nilikwenda kwa ofisa moja kwa moja.

"Bwana, familia zile ziruhusiwe kutoka."

"Juzi ulisema ni mila."

"Nilikosea."

Alinitazama kama mtu anayetazama karatasi iliyojazwa vibaya. "Nimeshaandika ulivyosema. Sasa niandike tena kwamba dresa amebadili mawazo? Na walio huko ni jamaa zako?" Lakini aliandika. Alisema jibu litatoka juu, tungoje.

Tulingoja. Yule binti mdogo wa dada yangu alishikwa na homa siku ya tatu. Vidonda vikajaa mdomoni hata akashindwa kumeza uji, nami nikampaka dawa ya zambarau. Baada ya siku chache akaanza kuharisha. Dada yangu alimshika, mimi nikampaka tena. Alikufa kabla ya adhuhuri, midomo yake ikiwa na rangi ya dawa yangu.

Kibali cha kutoka hakikuwa kimefika. Kibali cha kumzika nje ya seng'enge tulikipata siku hiyohiyo, kwa saa moja.

Vita vilipokwisha dada yangu na mumewe walirudi nyikani na mbuzi wachache. Mimi nilibaki Garissa, nikapanda cheo, mwishowe nikakabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa za kifua kikuu. Miaka kadhaa baadaye binti yake mkubwa, sasa mwanamke mwenye watoto, alikuja kazini kwangu.

"Abti, mjomba, mama anakusalimu. Anakohoa, na amekonda sana."

"Mlete. Siku hizi kifua kikuu kinapona kabisa. Sindano na vidonge, basi. Nitampa mwenyewe."

Aliondoka. Baada ya siku nne akarudi peke yake.

"Amesema nini?"

Alitazama chini. "Amesema alishaifuata dawa yako mara moja."

Nikamfuata dada yangu nyikani, vidonge mfukoni. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, akaniita walaal. Vidonge aliviacha juu ya mkeka hadi nilipoviokota mwenyewe. Nilimweleza kwamba dawa hii si kama ile. Akasema, "Najua. Kunywa chai, itapoa."

Siku hizi huwa ninaalikwa kwenye semina za afya, mzee mstaafu, nikae mstari wa mbele. Vijana huandika ubaoni kwamba wafugaji wa huku wana imani potofu, wanaogopa hospitali, waelimishwe. Mara mbili nimeinua mkono kutaka kuwauliza kama kuna aliyewahi kuandika walichofanyiwa watu hao walipokuja bila kuogopa. Mara zote mbili nilipopewa nafasi nilishukuru kwa chakula cha mchana.

Nilikubali kwenda malishoni. Kwa kukubali huko binti mdogo wa dada yangu alikufa kwa surua mahali nilipomleta mimi. Na dada yangu alikufa kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao dawa yake ilikuwapo na ufunguo wa kabati lake nilikuwa nao mimi, kwa sababu dawa hiyo ilitoka mkononi mwangu.