Reli ya Baba na Kilima cha Vitengeni

Gundi ya unga wa muhogo hunukia vizuri siku ya kwanza, huchacha siku ya pili, na siku ya tatu hunuka kama panya aliyefia chini ya kitanda. Nyumba yetu ya Kilifi ilinuka hivyo kwa muda wa miezi mitatu, mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, na hata nguo zetu za shule zilinuka hivyo, wenzangu darasani wakawa wanaziba pua nikipita. Katikati ya sebule palilazwa milango miwili chakavu juu ya magogo, imeunganishwa kwa misumari, na juu yake Baba alikuwa akijenga pwani nzima. Bahari ya rangi ya buluu ilikuwa upande wa dirishani. Mkono wa bahari wa Kilifi uliingia katikati ya mbao kama ulimi, na nyuma yake kilinyanyuka kilima cha Vitengeni, kilichofinyangwa kwa wavu wa kuku na magazeti yaliyoloweshwa gundi. Sisi tulikula chakula chetu mkekani, pembeni mwa meza ile, na ole wake ambaye kiwiko chake kingegusa ufuo.

Baba alikuwa Mbajuni, wa ukoo uliohama kutoka visiwa vya kaskazini kabla mimi sijazaliwa. Ujanani alifanya kazi Mombasa, katika uwanja wa treni, kazi ya kufunga na kufungua mabehewa, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilibaki huko, vikiwa vimesagwa kati ya mabehewa mawili. Kilichomwondoa kazini si vidole. Siku moja nyapara alimwambia neno ambalo sikupata kulijua mpaka leo, na Baba akampiga kwa nondo begani. Akarudi Kilifi, akapata kibarua katika hoteli moja ya Bofa, kupaka viti rangi na kufyeka nyasi. Lakini barazani alijiita dereva wa treni. Mama alikuwa akisikia hayo kutoka jikoni, akinong'ona, "Debe tupu haliachi kuvuma," kisha akitazama haraka kama kuna aliyesikia.

Alikuwa na sababu ya kutazama. Nyuma ya mlango wa chumba chao palikuwa na msumari, na kwenye msumari huo ulining'inia mshipi mpana wa ngozi. Ulishuka kwa chai iliyopoa, kwa shati lililokunjamana, kwa jibu lililochelewa au lililowahi mno. "Samaki mkunje angali mbichi," Baba alisema huku akiuzungusha kiganjani, na kabla hajamaliza methali mimi na mdogo wangu Ali, aliyekuwa na miaka sita, tulishajua nani atakunjwa. Mama alipigwa mlango ukiwa umefungwa. Hakulia kwa sauti. Tulisikia mshipi tu, na kitanda kikigonga ukuta.

Ile kazi ya mezani ilitokana na majisifu ya barazani. Meneja wa hoteli, Mzungu mmoja mrefu, alitaka pale mapokezi pawe na mfano mkubwa wa pwani yetu, na ndani yake treni ndogo ya betri izunguke ili watoto wa wageni wapate cha kutazama. Reli haijawahi kufika Kilifi, na siku zile hata daraja halikuwapo, watu walivuka kwa feri. Lakini meneja aliambiwa kwamba miongoni mwa vibarua wake yumo dereva wa treni. Baba alirudi nyumbani na sanduku kifuani, akalifungua mbele yetu. Mlikuwa na kichwa cha treni cheusi, mabehewa manne mekundu, na vipande vya reli vilivyopinda na vilivyonyooka. "Nikimaliza hii kabla ya msimu wa wageni," alisema, "naandikwa fundi wa kudumu. Kibarua basi." Nilikuwa sijapata kumwona akicheka na Mama namna ile. Hata aliupiga mgongo wake kwa upole.

Nami niliipenda kazi ile, lazima nikiri. Ndio mwaka tulioanza kufundishwa sanaa na ufundi shuleni, na mwalimu alikuwa ametuonyesha jinsi ya kuchora mviringo kwa uzi na msumari. Baba aligundua kwamba mkono wangu hautetemeki, akanifanya msaidizi wake kila nikitoka shule. Nilikata minazi kutokana na nyuzi za makuti, nikajenga nyumba za viberiti, nikapanda mkonge kwa nywele za ufagio. Tulitandaza reli juu ya mbao, tukaziondoa, tukazitandaza tena. Baba alitaka itoke Bofa, ivuke maji kwa daraja la vijiti, ipite mguuni mwa kilima cha Vitengeni, ielekee Malindi, kisha irudi ufuoni. "Wewe una jicho," aliniambia siku moja, na kwa neno hilo moja ningeweza kumfanyia lolote. Na nilifanya.

Jumamosi moja Ali alitaka kuona kama daraja litamchukua mjusi. Mjusi alikimbia na daraja likavunjika. Baba aliporudi akauliza nani. Mama akasema, "Labda ni paka, Baba Fatu." Ali alikuwa ameniganda nguo. Mimi nilikuwa nimefanya kazi siku nne kwenye daraja lile, na hasira ilikuwa imenijaa. Nikasema, "Ni Ali."

Baba hakuuchukua mshipi. Alichukua waya wa umeme uliobaki kwenye kazi ya treni, akamfunga mtoto mikono kwenye gogo la meza, akampiga mgongoni na miguuni mpaka ngozi ikapasuka. Mama alijitupa katikati, akasukumwa, akaangukia kinu. Na mimi? Mimi niliokota vijiti vya daraja kimoja kimoja, nikaanza kuvigandisha upya, kwa sababu Baba alikuwa amesema, kati ya pigo na pigo, "Fatu, tengeneza hilo daraja." Meza ilitikisika kila Ali alipojivuta. Nilingoja itulie ndipo nipake gundi. Jioni Mama alimkanda kwa maji ya chumvi bila kunitazama, na kutonitazama huko kuliniuma kuliko ambavyo waya ungeniuma.

Wiki iliyofuata ndipo nilipoona kosa. Vipande vya kona, ukivifunga vikakamilika, vilifanya mviringo wenye upana wa inchi thelathini. Kati ya kilima cha Vitengeni na ukingo wa maji palikuwa na inchi ishirini na sita tu. Nilipima kwa uzi mara tatu. Nikamwambia Baba taratibu, kwa adabu zote, "Baba, reli haitoshi hapa. Treni itaanguka. Tukikata kilima kidogo, ikapita ndani yake kama pango, itazunguka vizuri."

Kilima kile kilikuwa fahari yake. Alikuwa amekipaka rangi kwa siku tano, na majirani walikuja kukishangaa. Kofi likaja upande wa kushoto, kofi ambalo sikuliona. Sikio lilivuma, kisha likanyamaza. "Nimefanya kazi ya treni kabla mamako hajakuzaa," alisema. Akachukua koleo, akavipinda vile vipande vya reli kwa nguvu hadi vikaingia katika nafasi ile. Sikio hilo halijasikia vizuri tangu siku hiyo.

Meneja alikuja kukagua siku ya Jumapili mchana, pamoja na bintiye mdogo. Mama alipika mahamri na kuvaa leso mpya. Baba alikuwa na shati jeupe. Alibonyeza swichi, treni ikaondoka Bofa ikilia kama nyuki, ikavuka daraja langu, binti akapiga makofi. Ilipofika konani chini ya Vitengeni, kichwa kiliruka kwenye kiungo kilichopindwa, mabehewa yakakifuata yote manne, yakalala kwenye maji ya rangi. Binti akaangua kicheko. Meneja naye akatabasamu, akasema kwamba si neno, kungali na wiki mbili. Baba akatabasamu pia. Na hapo Ali, ambaye alikuwa hajazungumza na Baba tangu siku ya waya, alisema kwa sauti nyembamba: "Dada Fatu alisema itaanguka."

Gari la meneja liliondoka. Baba alisimama mlangoni akilipungia mkono mpaka likapotea, kisha akaufunga mlango kwa komeo.

"Njoo," alimwambia Ali.

Mama alimweka Ali nyuma yake. "Leo humpigi," alisema. "Nipige mimi."

Akampiga. Hakutumia mshipi wala waya. Alishika mchi wa kinu, na Mama alipoinua mkono kukinga kichwa, nilisikia mfupa ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Alianguka. Baba alimvuka, akamshika Ali shingoni kwa mkono wa kulia, akamkandamiza usoni juu ya meza, kwenye minazi na nyumba za viberiti, na Ali akawa hawezi kupiga kelele tena. Alikuwa akitupa miguu hewani, kisha akapunguza kutupa. Nyundo ya Baba ilikuwa pale pale, karibu na Malindi. Niliishika kwa mikono miwili nikaipiga ile mikono yake, sikuchagua wapi. Pigo la kwanza lilimwachisha Ali. La pili lilimkuta kiganja kikiwa juu ya mbao, na nikakisikia kikisagika. Alipiga ukelele ambao sikujua mwanamume anaweza kuupiga. Nikainua nyundo mara ya tatu. Nilitaka kichwa. Nasema kweli, nilitaka kichwa.

Aliyenizuia ni Mama, akiwa chini sakafuni, akinishika mguu kwa mkono wake mmoja mzima. "Basi, mwanangu," alisema. "Basi."

Mlango ulikuwa ukigongwa. Jirani yetu Mama Atieno, aliyetoka bara na ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani, alikuwa akiita, "Fungueni! Fungueni au tunavunja!" Ali ndiye aliyekwenda kufungua komeo. Mama Atieno alitazama damu, akatazama nyundo mkononi mwangu, akaninyang'anya bila kuuliza swali hata moja. Ndiye aliyetupeleka hospitali, na ndiye aliyempelekea habari Mjomba Karisa, kaka yake Mama, huko Kakuyuni. Mjomba alifika kesho yake asubuhi. Hakusema na Baba. Alibeba magodoro, akatubeba na sisi.

Kakuyuni tulikaa kwa bibi yetu, tukalima mihogo na kuteka maji, na nikajifunza maneno ya Kigiriama, lugha ya kwao Mama, ambayo Baba alikuwa ametukataza. Siku kama kumi baadaye, mchana wa jua kali, nilimwona Baba amesimama kwenye njia, nje ya ua. Alikuja kwa basi mpaka Malindi, halafu kwa miguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi kiwikoni. Mjomba Karisa aliinuka na panga lake akasimama.

"Shikamoo, Baba," nilisema, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyofunzwa.

"Marahaba." Alinitazama miguu. Nilidhani ataniomba msamaha, au atanilaani, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. "Fatu," alisema, "ile kona. Ulisema tukate wapi?"

Nilimtazama Mama, aliyekuwa amekaa kizingitini, mkono umefungwa shingoni kwa leso. "Mwambie," akasema. "Mwambie aende zake."

Nikachora mchangani kwa kijiti. Nikamwonyesha kilima, maji, inchi nne zinazopungua, na mahali pa kutoboa pango. Aliinama, akatazama, akauliza pango liwe na kimo gani, nikamjibu. Akasema, "Haya," akageuka, akaenda. Hakuuliza habari ya Ali. Hakumtazama Mama.

Ningependa kusema kwamba treni ilianguka tena. Haikuanguka. Mama Atieno alituletea habari: ilizunguka vizuri sana, iliingia ndani ya kilima na kutokea upande wa pili, wageni wakaipiga picha, na Baba akaandikwa fundi wa kudumu. Sikuiona hata siku moja. Mama hakurudi. Mkono wake uliunga vibaya, akawa anasonga ugali kwa mkono wa kushoto hadi mwisho wa uhai wake. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, nilimsalimu kwenye arusi na matanga, na alikufa pasipo kutamka neno lolote juu ya Jumapili ile. Wazee husema la kuvunda halina ubani. Labda aliamini hivyo, au labda hakuona kilichovunda.

Siku hizi sheria imekataza fimbo shuleni, na kwenye shughuli zetu utawasikia watu wa rika langu wakisikitika: watoto wa zamani walikuwa na adabu, wa sasa wanajibizana na wazazi. Mwaka huu mawifi zangu watatu walikuwa nyumbani kwangu, mazungumzo yakawa hayo hayo. Nikasema, kwa kujidai kidogo, kwamba ndani ya nyumba yangu mtoto hapigwi. Binti yangu Amina, wa miaka kumi na miwili, alikuwa akiingia na sinia la chai. Akasema, bila ubaya wowote, "Mama, mbona juzi ulinipiga na mwiko?"

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka vikombe vikivunjika na shavu lake likigeuka.

Siku ya tatu niliwaita mawifi zangu wale wale, wakaketi palepale, nikamwomba Amina radhi mbele yao. Walitazamana wakaona haya kwa niaba yangu. Amina alifikiri kwanza. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini usinipige tena." Nikamwambia sitampiga. Ni miezi saba sasa.