Mguu wa Bata na Sikio la Mutuma

Nilipokuwa msichana wa darasa la tatu, tukikaa Chechelesi hapa Isiolo, mama alianza kufuga bata na mtaa mzima ukamcheka. Jirani yetu Mama Guyo, Mborana, alikuwa akisimama penye ua wa miiba anauliza, "Mama Kendi, hizi bata zako zitaogelea wapi? Kwa sufuria?" Mama anamjibu, "Zitaogelea kwa chai yako." Wanacheka wote wawili. Nataka ijulikane kwamba kwetu kulikuwa na kicheko, kwa sababu yaliyofuata nikiyakumbuka hasira hunipanda mpaka leo, na mimi ni mtu wa kuomba asubuhi na jioni.

Jumamosi moja mama alinituma maji mara ya tatu. Nilinuna. Nikatoka na mtungi, nikaubamiza mlango wa mabati kwa nguvu zangu zote ili asikie vile nimekasirika. Kifaranga mmoja wa bata alikuwa anapita hapo mlangoni. Ulimbana mguu. Alipiga kelele ambayo sikujua kiumbe kidogo kama kile kinaweza kuitoa, na mguu ukabaki unaning'inia, damu inatoka.

Shosho, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Meru kumwona ndugu yangu Mutuma, mtoto wa miezi minane. Alikuwa nyuma ya nyumba akichagua maharagwe, kwa hivyo hakuona kitu. Alikuja mbio na ungo mkononi.

"Ni nini imemfanya hivyo?"

"Ni mwewe," nikasema. "Alikuwa amembeba, akamwangusha."

Nilisema hivyo kwa kuogopa kiboko cha mama. Mtu atasema ni uongo mdogo wa mtoto. Haukuwa mdogo.

Shosho alitazama juu angani kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mutuma aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama, ambaye naye alikuwa ametoka ndani aliposikia kelele. "Mwewe haachi kitu ameshika," akasema. "Kuna kitu kibaya kilikuwa kinamtafuta huyu mtoto, kikakutana na bata. Bata amebeba mabaya ya mtoto. Mtupeni nje afe nayo." Halafu akanielekezea kidole karibu kiguse pua yangu. "Na wewe ukishamtupa, usimguse tena. Mnyama amebeba ya mtu, ukimponya, anarudisha."

Imani hiyo sikuisikia kwake peke yake. Mbuzi akifa ghafla, watu husema amekwenda badala ya mtu, na mwenye mbuzi anapata nguvu ya kuamka kesho yake. Kama ni kufariji, sina neno. Lakini Shosho alikuwa mama wa kanisa, amefunga kitambaa cha akina mama kila Jumapili, Biblia yake ya Kimeru imechakaa kwa kusomwa, na bado alimhukumu kiumbe wa Mungu kwa jambo ambalo hakuuliza hata mara ya pili. Angeniuliza mara ya pili ningesema. Ama pengine nisingesema. Sitaki kujitetea.

Nilimtupa nje kama nilivyoambiwa, kisha nikazunguka nikamwokota, nikampeleka kwa Mama Guyo. Yeye alikuwa anafunga miguu ya wana-mbuzi ikivunjika, watu wakimletea kutoka mbali.

"Mimi nafunga mguu ya mbuzi," akasema akimgeuzageuza kiganjani. "Hii ni mguu ya panya!" Lakini alileta njiti mbili za kiberiti na uzi alioutoa kwenye leso yake kuukuu, akaunyoosha ule mguu taratibu huku anasema bismillahi, akanionyesha jinsi ya kufunga bila kukaza, nami nikaufunga kwa mikono yangu. "Kila asubuhi angalia vidole. Ikikuwa baridi, umefunga sana. Wewe ndiye daktari sasa."

Nikawa daktari. Nilimficha ndani ya katoni ya sabuni, kwenye kibanda chetu cha makaa. Nilimlisha ugali uliolowekwa na majani ya sukuma wiki yaliyokatwa madogo madogo, nikamwekea maji kwenye kifuniko cha kopo. Kila asubuhi kabla ya shule nilishika vidole vyake. Mama alijua. Aliingia kuchukua makaa kila siku, atakosaje kujua? Siku moja nilikuta sukuma imeshakatwa, imewekwa tayari kando ya katoni. Baada ya wiki tatu nilifungua njiti, naye akasimama. Alikuwa anachechemea, lakini anatembea, na kila nikimwita "tii, tii" anakuja.

Wiki hiyohiyo Mutuma akashikwa na homa.

Siku ya kwanza Shosho alimnywesha maji ya mizizi. Siku ya pili alimwombea. Siku ya tatu mtoto alikuwa analia bila sauti, na mama akamfunga mgongoni aende hospitali. Baba alikuwa safarini kuuza miraa, kwa hivyo neno la Shosho ndilo lilikuwa la mwisho kwetu. Mama alipofika mlangoni, bata wangu alitoka kwenye kibanda cha makaa akinifuata.

Shosho alimwona. Aliona ule mguu.

"Kumbe mlimponya," akasema polepole. "Sasa mnashangaa nini mtoto akiungua?" Akamgeukia mama. "Hutoki hapa na mtoto mpaka hiyo kitu iondoke. Ukienda hivyo itamfuata mpaka hospitali."

Bata alikimbilia nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani. Shosho alimchokoa kwa fimbo tangu asubuhi hadi jua likawa kichwani, na mama amesimama hapo hapo, mtoto mgongoni, akimwogopa mama mkwe wake kuliko ile homa. Nami muda huo wote nilikuwa na neno moja mdomoni, na sikulitoa. Hapo ndipo hasira yangu kubwa iko. Naanza na mimi mwenyewe.

Mwishowe Shosho akaniambia, "Anakujua. Muite."

Ndipo nikasema. "Hakukuwa na mwewe. Ni mimi nilimbana na mlango."

Shosho akacheka. "Sasa mwewe amekuwa mlango? Mwone anavyomtetea bata wake!"

Nilimtazama mama. Yeye ndiye aliyekata ile sukuma. Yeye anajua nikisema uongo na nikisema ukweli. Alinitazama, nikaona kabisa kwamba ameniamini. Kisha akasema, "Kendi, mtoto anaungua. Muite."

Nikamwita. Tii, tii. Alitoka nyuma ya mabati akichechemea, akaja moja kwa moja hadi mguuni kwangu. Nilimwokota kwa mikono yangu, nikampa Shosho, naye akamvunja shingo mbele ya mlango.

Hospitalini nesi alimfokea mama. "Siku tatu? Mama, ulikuwa wapi siku tatu?" Mutuma alidungwa sindano nyingi, akapona, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena. Daktari alisema ni homa iliyokaa sana.

Shosho alikuwa na jibu lake. Alisema nusu ya ubaya ilikuwa imeshamrudia mtoto kabla bata hajafa, ndiyo ikachukua sikio. Kwa imani kama hiyo, hata ukishinda umeshindwa. Nimekua nikiitwa, kwa mzaha na bila mzaha, yule aliyeuza sikio la ndugu yake kwa bata. Shosho alizikwa akiamini hivyo. Mama, ambaye bado yuko hai na namheshimu, hajawahi hata siku moja kufungua mdomo akasema, "Kendi aliniambia ukweli nikanyamaza."

Mwaka jana nilimwambia Mutuma mwenyewe. Tulikuwa tumeketi nje kwake, nikahamia upande wake wa kulia ili anisikie vizuri. Nilimweleza yote, mlango, uongo, ile asubuhi niliyonyamaza. Akauliza, "Mama alisikia ukisema?"

"Alisikia."

Akaangalia chini. "Basi usimwambie kwamba najua."

Hiyo nayo ilinikasirisha. Hata yeye anamlinda mama, na sikio ni lake.

Nimeungama uongo wangu mbele za Mungu mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu. Nimeomba aniondolee hasira juu ya Shosho; bado hajaiondoa, na sitadanganya kwamba ameiondoa. Siku nitakayosimama mbele zake akiniuliza kuhusu mwewe, nitainamisha kichwa. Akiniuliza kuhusu asubuhi ile niliyokaa kimya, nitalia. Lakini akiniuliza ni nani aliyeufunga ule mguu, nitasema ni mimi, na nitamtazama usoni.