Joto la Chumba

Mkono wa kushoto wa seremala hauna vinyweleo. Wa kulia unavyo, vingi tu, lakini wa kushoto ni laini kama wa mtoto, na mafundi wenzake karakanani wameutania mpaka wamechoka. Aliyesababisha ni mkewe. Kwa muda wote aliokuwa akisomea shahada ya uzamivu, alimbandika mumewe plasta za majaribio jioni na kuzibandua asubuhi, na kwa muda mrefu plasta hizo hazikukubali kutoka bila kuondoka na kila zilichokishika.

Kabla ya hapo mke huyo alikuwa akifundisha kemia shule ya sekondari, na jina la Mwalimu likamganda. Nyumbani aliitwa Mwalimu, chuoni aliitwa Mwalimu, na msimamizi wake alilitamka jina hilo kwa namna ambayo hungejua kama anakuheshimu au anakusanifu.

Aliacha ubao na chaki kwa ajili ya shavu la binti yake. Binti alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, akawekwa kwenye kitanda cha kioo na mpira wa hewa puani, na mpira ule ulishikiliwa na plasta. Siku nesi alipoibandua, kwa uangalifu wote wa mikono yake, plasta ilitoka na ngozi. Lilibaki kovu dogo, umbo la punje ya harage. Binti sasa amekuwa mkubwa, mdomo hauna breki, na kovu lake analiita stempu. Lakini Mwalimu hakuisahau sauti ya ile plasta ikibanduka. Alitaka gundi inayoshika kama gundi na kuachia ikiambiwa iachie. Kuiambia maana yake ni kuilowesha kwa maji ya vuguvugu, basi.

"Gundi inayoachia si gundi," mumewe alimwambia, yeye aliyeshinda na makopo ya gundi tangu ujana wake. "Hiyo ni mchumba."

Msimamizi wa Mwalimu alikuwa profesa wa polima, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi walimwita Mama Tena asipokuwepo. Ungempelekea mchoro wa matokeo uliokutoa jasho wiki nzima, angeutazama, angekurudishia, angesema, "Tena." Hakuongeza kitu. Wanafunzi walidai kwamba hata siku ya harusi yake, alipoulizwa kama amekubali, alijibu tena, na shughuli ikabidi ianze upya. Mwalimu alishalia mara kadhaa chooni kwa sababu ya neno hilo, akanawa uso, akarudi kuvuta.

Kuvuta ndiyo kazi yenyewe. Maabara yao ina mashine yenye taya mbili. Taya moja inang'ata plasta, nyingine inang'ata kipande cha mpira kinachofanana na ngozi, kisha zinaachana polepole huku mstari ukipanda kwenye kompyuta. Mstari ukipanda sana, gundi imeshika. Ukianguka ghafla, imeachia. Chumba chenyewe ni kirefu na chembamba, dirisha linatazama bati la kantini, na ukutani kuna kiyoyozi kilichokufa zamani, ambacho mtu amekigeuza rafu ya kikombe cha kalamu. Kuna feni moja. Inazungusha joto, hailipunguzi. Na chini ya kila mchoro Mwalimu aliandika sentensi ileile ambayo kila mtu wa fani hiyo huiandika bila kuifikiria, kama watu wanavyoandika "natumaini u mzima" mwanzoni mwa barua: kipimo kilifanyika katika joto la chumba.

Kisha zikaja habari za tuzo. Chama cha watafiti wa polima kila mwaka humtuza mwanafunzi mmoja wa shahada za juu pamoja na mlezi wake wa kitaaluma. Ngao ni moja, majina mawili. Mwalimu aliingia katika orodha ya mwisho. Siku alipopata habari alipiga kelele jikoni hadi mama mkwe akatoka chumbani akidhani nyumba inaungua.

Mama mkwe naye alihitaji kufafanuliwa, kwani miaka yote aliamini mkaza mwana wake anasomea ugonjwa fulani uitwao polima. Mwalimu akamweleza kwamba polima ni chembe ndogo zilizoshikana mikono kwenye mstari mrefu, mistari hiyo ikaviringishana kama uzi uliochezewa na paka. Plastiki ndivyo ilivyo, raba ndivyo ilivyo, gundi ndivyo ilivyo. Mama mkwe alifikiri kidogo, akauliza kama hiyo mistari inalipwa pensheni.

Ngao haikumnyima Mwalimu usingizi. Kilichomnyima usingizi ni kwamba kazi ya mshindi huingizwa moja kwa moja katika majaribio ya hospitali, na mwaka huu hospitali iliyokubali ni ileile yenye wodi ya watoto wachanga alimolazwa binti yake. Akishinda, plasta yake inaingia mlango uleule aliotokea yeye akiwa na mtoto mwenye bandeji shavuni. Akishindwa, inabaki kwenye kabati la maabara pamoja na mawazo mengine mazuri.

Alipomwambia Profesa, Profesa alisema amesikia, akauliza kama kile kipimo cha jana kimesharudiwa. Lakini siku chache baadaye alitokea maabara na nywele zimesukwa upya na koti jeupe limepigwa pasi hadi mikono imesimama. Wanafunzi walitazamana.

Siku ya tuzo familia nzima ilikwenda. Seremala alivaa koti la suti lililombana mabegani, mama mkwe alijitanda shali, binti akabeba simu ya babake ili apige picha. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vina vitambaa, na ulikuwa na baridi ya kukufanya ujutie kuoga. Viyoyozi vilivuma darini. Profesa alivaa sweta juu ya koti lake la pasi. Mwalimu hakuisikia baridi hata kidogo, damu ilikuwa ikimchemka. Alikuwa amekata plasta mpya asubuhi, akazipanga ndani ya kopo la bati, akaliweka kopo mezani jukwaani, moja kwa moja chini ya tundu la kiyoyozi. Hapo lilisubiri wakati washindani wengine wakieleza kazi zao, na wote walieleza vizuri, jambo lililomfanya azidi kukaa roho juu.

Zamu yake ilipofika alizungumza kama anayefundisha darasa analolipenda. Majaji walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Kisha akafikia onyesho alilolifanya nyumbani hadi watu wakalichoka: abandike plasta mkononi mwake, aning'inize chupa ndogo ya maji kwenye kitanzi cha plasta, chupa ikae, kisha alowanishe kwa maji ya vuguvugu na plasta idondoke kama jani. Akafungua kopo. Akabandika. Akaning'iniza.

Chupa ilianguka papo hapo, ikabingirika hadi chini ya meza ya majaji.

Kicheko kilipita ukumbini, si cha ubaya, lakini kilimwingia Mwalimu hadi kwenye mifupa. Alichukua plasta nyingine. Ilikuwa ngumu kama kipande cha kalenda. Haikunata hata kwenye kidole. Kule nyuma seremala aliinama akatazama viatu vyake.

Jaji mmoja, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha mabomba ya plastiki, alikuwa akipekua ripoti yake taratibu. Aliinua kichwa.

"Hapa umeandika joto la chumba," alisema. "Chumba gani, binti yangu?"

Mwalimu aliitazama ripoti mkononi mwa mzee. Akili ilimrudisha kwenye kile chumba kirefu chembamba, bati la kantini likiwaka jua, feni ikikoroga hewa ya moto, kikombe cha kalamu juu ya kiyoyozi kilichokufa. Kila mstari aliouchora katika maisha yake ya utafiti ulipandia ndani ya joto lile. Akahisi, kwa mara ya kwanza tangu aingie, baridi ya ukumbi ikimshika shingoni.

Walezi walikuwa na viti vyao pembeni ya jukwaa, na kanuni iliwataka wanyamaze hadi mwisho. Kutoka kwenye kiti kimojawapo sauti ikasema:

"Tena."

Mwenyekiti wa majaji, mama mmoja asiyependa mzaha, aligeuka akamkumbusha Profesa kwamba mlezi haruhusiwi kumsaidia mwanafunzi. Profesa akajibu kwamba hakumsaidia mtu, na kwamba waliowahi kufundishwa naye watathibitisha kuwa hilo ndilo neno pekee analolijua. Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na ndani ya kicheko hicho Mwalimu akapata pumzi.

Alichukua plasta ya tatu, akaipachika kwapani, mbele ya ukumbi mzima, akaibana kama mtu anayepimwa homa.

"Chumba chetu, mzee wangu," alisema. "Kiyoyozi chetu kilikufa kabla sijaanza masomo. Nikaandika joto la chumba kana kwamba vyumba vyote ni ndugu."

Akaendelea, mkono umebana, sauti ikizidi kupata nguvu. Alieleza kwamba ile mistari mirefu ndani ya gundi hucheza kukiwa na joto, ikajipenyeza kwenye vinyufa vya ngozi na kushika. Baridi ikizidi kiwango fulani, hukakamaa, kila mmoja mahali pake, na gundi inakuwa kioo. Kila polima ina kiwango chake, na hilo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Cha gundi yake hakukijua, kwa sababu hakuwahi kuivuta kwenye baridi. Hakusema kwamba ni bahati mbaya. Alisema ni pengo katika kazi yake, na amelijua sasa hivi, pamoja nao.

Akaitoa plasta kwapani. Ilikuwa imelegea. Akaibandika mkononi, akaisugua kwa kidole gumba, akaomba arudishiwe chupa. Mzee wa mabomba aliinama mwenyewe kuitafuta chini ya meza, akaileta jukwaani, akaitundika. Chupa ikakaa. Mzee akaisukuma kwa kidole, ikapepesuka huku na huku kama kengele. Ikakaa. Mwalimu akamwagia maji ya vuguvugu, akahesabu kimoyomoyo, na plasta ikaachia, taratibu, ikaangukia kwenye kiganja cha mzee. Mzee akavaa miwani, akaukagua mkono kama anayenunua kitambaa. Hapakuwa hata na wekundu.

"Ungeibandika leo kwa mtoto mchanga?"

Hilo ndilo swali alilolisubiri tangu aache kufundisha, na jibu lake kwa miaka yote lilikuwa moja. Kule nyuma binti yake alikuwa amesimama juu ya kiti, simu juu, stempu shavuni.

"Leo hapana," alisema Mwalimu. "Mpaka nijue zinakohifadhiwa kuna baridi kiasi gani, na nesi anazishikaje kabla ya kubandika."

Alishuka jukwaani akiamini amejipiga ngwala kwa mguu wake mwenyewe. Wakati majaji wamejifungia, mama mkwe alimfariji kwamba chupa ilianguka vizuri, haikuvunjika. Seremala alimshika bega. Akasema si alimwambia, mchumba huyo, akipigwa na baridi kidogo tu anakukana mbele za watu. Mwalimu alicheka huku machozi yakimlengalenga. Profesa alikaa peke yake mstari wa mbele, akisafisha miwani iliyokwisha kuwa safi.

Mwenyekiti alirudi na karatasi. Akasema kwamba mwaka huu jina la mlezi litasomwa kwanza, akasoma jina refu, la ukoo na la ubini, ambalo seremala hakuwahi kulisikia tangu azaliwe. Akabaki ameduwaa, akianza kuyapanga maneno ya kumpoza mkewe, hadi binti alipompiga kiwiko.

"Baba. Huyo ni Mama Tena."

Kilichofuata Mwalimu anakikumbuka vipande vipande. Mama mkwe alipiga vigelegele vilivyovizidi viyoyozi. Kiti kilipinduka. Yeye na Profesa walijikuta wameishika ngao pande mbili, plastiki angavu yenye majina yao, na wala hakuna aliyejua nani aachie. Profesa alipewa kipaza sauti. Alisema onyesho moja halithibitishi kitu, akakirudisha. Mzee wa mabomba alicheka mpaka akashika meza.

Nje jua lilikuwa kali, na wote walisimama ukutani wakijipasha moto kama mijusi. Binti alikuwa ameshaikamata ngao na kuigonga kwa kucha, akitaka kujua mistari yake mirefu imekaaje. Profesa alivua sweta, akalikunja, akauliza kama stoo ya ile wodi ina kiyoyozi.

"Sijui, Profesa," alisema Mwalimu. "Jumatatu nitakwenda kupima."

"Tutakwenda," alisema Profesa.

Mwalimu alimtazama. Tangu wajuane ilikuwa utakwenda, utapima, utarudia. Profesa alikuwa ameshageukia upande mwingine, akimweleza seremala kwamba sasa kazi itaanza upya yote, katika kila kiwango cha baridi, na kwamba mpira wa maabara si ngozi ya mtu, kwa hiyo kwa kweli watahitaji mkono.

"Baba," binti alisema, "sasa ni zamu ya friji."

Seremala aliutazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia, ule wenye vinyweleo. Akashusha pumzi, akaanza kufungua kifungo cha mkono wa shati.