Jiwe la Cucu

Majuzi, hapa Kinoru, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu meli ya watalii ikipita kisiwa baada ya kisiwa. Nikakumbuka mashua iliyotubeba mimi na baba kwenye bwawa jipya, kule chini Mbeere.

Maji yalikuwa yamegeuza vilima vya kwetu kuwa visiwa. Tulisimama penye kila kimoja, watu wakipakia mbuzi na magodoro, na kila mahali palinuka majani yaliyooza. Mimi nilidhani tunatembea tu. Kisiwa cha mwisho kilikuwa cha nyanya yangu, Cucu, aliyekataa kuiacha mizinga ya nyuki ya marehemu babu.

Baba alipoinama kufunga kamba, nilimwona Cucu akiokota jiwe majini, akalifuta kwa leso na kuliweka pakavu.

“Nyamaza, mume wangu,” aliniambia, alivyozoea kunitania. Nikajua ni mchezo.

“Mama, panda. Maji yanakuja,” baba alisihi.

“Yamesimama, Njeru. Asubuhi niliweka jiwe ukingoni. Si hilo hapo? Lishike, ni kavu.”

Baba alilishika, akashusha pumzi. “Haya. Kesho nitakuletea unga.”

Tulipoondoka nilicheka kimyakimya, nikijivunia siri yetu. Nyuki walivuma. Cucu alitupungia leso yake iliyolowa.

Usiku huo mvua kubwa ilinyesha mlimani. Kesho yake baba alirudi na mizinga tu, aliyoikuta ikielea. Hakuniuliza neno juu ya lile jiwe. Mpaka alipokufa nilimngoja aniulize.