Darasa Linaloitikia Kila Kitu

Mwalimu Kengele alishauza kitanda. Mwenye akili zake huuza kitanda siku anayoshika tiketi. Yeye aliuza siku aliyoambiwa kuwa jina lake limo kati ya wanaofikiriwa kupewa ufadhili wa kwenda ng'ambo kufundisha watoto Kiingereza. Chumba akamrudishia mwenye nyumba, na sasa wamo watu wengine na mapazia yao. Yeye analala kwenye mkeka sebuleni kwa dada yake, kichwa kikiwa chini ya meza ya televisheni.

"Shemeji, safari lini?" mume wa dada humwuliza kila asubuhi, akimruka miguu.

"Karibuni, shemeji."

"Hata mwaka jana ilikuwa karibuni."

Kilibaki kikwazo kimoja: kufundisha somo moja darasani mwake, mama mmoja wa shirika la ufadhili akitazama kwa simu kutoka ng'ambo. Lugha ya nyumbani marufuku. Mama yule alitaka kusikia watoto wakijisemea wenyewe. Kengele akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Sasa, darasa lenye watoto karibu mia na vitabu vya kugombaniwa halina ujanja mwingine: mwalimu anatamka, watoto wanaitikia. Ndivyo alivyowalea, na mlio huo, kama wa kengele, ndio uliompa jina.

Simu ikaegemezwa kwenye kopo la chaki. Akamgeukia mtoto wa mbele, akamwuliza kwa Kiingereza, "Jina lako nani?"

"JINA LAKO NANI!" darasa zima likanguruma, kwa Kiingereza kile kile.

"Hapana. Mmoja mmoja."

"HAPANA! MMOJA MMOJA!"

"Nyamazeni!"

"NYAMAZENI!"

Kila alichotamka kilimrudia usoni kama mpira uliopigwa ukutani. Akauona mkeka, akaiona miguu ya shemeji ikimruka mpaka uzeeni. Basi akafumba mdomo. Akavua kiatu, akakiinua juu bila neno.

Darasa likakodoa macho. La kuitikia halikuwepo.

"Kiatu," mmoja akathubutu.

"Kiatu cha mwalimu."

"Kimetoboka!" mtundu wa nyuma akadakia.

"Hakijatoboka, kimechanika!"

Ugomvi ukawaka, wote kwa Kiingereza. Kibovu, lakini chao wenyewe.

Mama wa ufadhili akacheka. "Hapo mwisho nimewasikia. Lakini hawa wamekuzoea, mwalimu. Huku hakuna anayekujua. Kesho nionyeshe darasa ambalo hujawahi kulifundisha. Ni mara ya mwisho." Akakata simu.

Kengele akakimbilia kwa mwalimu wa darasa la jirani.

"Kaka, niazime watoto wako kesho."

"Wangu? Wangu wameiva kuliko wako. Jana nilipiga chafya, darasa zima likapiga chafya."

"Hao hao. Nimekwama, kaka yangu. Sina pa kurudi."

"Utanipa nini?"

Kengele akatafuta. Vyombo alishagawa, godoro lilishaondoka na kitanda. "Nitakusahihishia madaftari muhula mzima."

"Muhula upi, nawe unaondoka?"

"Nikishindwa," akasema, "nitakuwepo."

Jirani akalipima neno hilo kama mtu anayegonga tikiti maji sokoni. Akaona hasara kwake haipo.

"Haya," akasema. "Wachukue."